Ahadi Bila Badali: Lini Neno la Mtu Hugeuka Deni Mahakamani

Daftari la kamati ya harusi huwa na safu nne: jina, ahadi, alicholipa, salio. Nimelishika daftari la namna hiyo mara tatu nikiwa mweka hazina, na mara zote kikao cha mwisho kimefika mahali palepale. Mwenye ukumbi anadai, mpishi anataka hela ya nyama leo, mwenyekiti anateremsha kidole kwenye safu ya salio, na mjomba wa bibi harusi anauliza: "Huyu aliandika laki tano kwa mkono wake mwenyewe. Tukimpeleka mahakamani si atalipa?"

Wenzake hucheka na kikao kikaendelea. Mimi niliyesoma sheria huwa nabaki na swali lile hadi nyumbani, kwa sababu ni swali zito. Tumelelewa tukiambiwa ahadi ni deni. Sheria ya mikataba haikubali neno hilo kirahisi. Kabla ya kuiita ahadi deni, inauliza kwanza: huyu aliyeahidi alipata nini, au aliahidiwa nini, kwa ajili ya neno lake? Kama jibu ni "hakuna", kwa kawaida ahadi hiyo inabaki kuwa jambo la dhamiri yake na heshima yake mbele ya ndugu.

Hicho kinachotolewa kwa ajili ya ahadi, mawakili na walimu wa sheria wanaotumia Kiswahili hukiita mara nyingi "malipo". Neno hilo limewapoteza wengi, maana mtu akisikia malipo anawaza noti. Humu nitasema badali, yaani kitu kinachotolewa ili kupata kingine. Badali yaweza kuwa fedha, gunia la mahindi, kazi ya siku mbili, au hata kukubali kutofanya jambo ulilokuwa na haki ya kulifanya. Jirani akikuambia, "Usijenge duka hapo mbele ya langu kwa mwaka mzima, nitakupa milioni," ukakubali na kujizuia, kujizuia kwako ndiyo badali.

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961. Ukiisoma kwa makini utaona haikuzaliwa Dar es Salaam wala London. Mama yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia huku kwetu enzi za ukoloni. Ukoo huo ndio ufunguo wa mambo mengi nitakayoeleza, na inaniuma kuona tunavyousahau. Wanafunzi wanakariri mashauri ya Uingereza ya karne ya 19, wanayaandika vizuri kwenye mtihani, kisha wanamshauri mteja wa Mbeya kana kwamba anaishi Uingereza. Kenya ni habari nyingine. Huko sheria ya bunge, Sura ya 23, inasema wazi kwamba mikataba itaongozwa na sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani ile inayotokana na maamuzi ya majaji. Mkenya na Mtanzania wanaweza kutamka ahadi ileile, kwa Kiswahili kilekile, na mahakama zao zikaamua tofauti.

Fasili ya badali iko kwenye kifungu cha 2 cha sheria ya Tanzania. Kwa maneno yangu inasema hivi: ikiwa kwa matakwa ya mwahidi, mwahidiwa au mtu mwingine yeyote amefanya jambo au amejizuia, anafanya au anajizuia, au anaahidi kufanya au kujizuia, basi kitendo hicho, kujizuia huko au ahadi hiyo ni badali ya ahadi ya mwahidi. Sentensi ni ndefu, lakini mna vipande viwili vinavyoamua kesi.

Kipande cha kwanza ni "kwa matakwa ya mwahidi". Mwaka 1880 mahakama ya Allahabad, India, ilisikiliza shauri la Durga Prasad, aliyejenga soko kwa agizo la mkuu wa wilaya. Wafanyabiashara walioingia humo walimwahidi kamisheni kwa kila kitakachouzwa, kisha wakakataa kulipa. Alishindwa. Alitumia fedha yake kweli, na waliofaidika ni wale wafanyabiashara kweli, lakini hakujenga kwa kuombwa na wao. Kazi ya mtu haiwi badali kwa sababu tu imekufaidisha. Lazima iwe wewe uliyeitaka.

Sasa turudi kwenye daftari. Mwaka 1886, mjini Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Calcutta, wenyeji walichangishana kujenga ukumbi wa mji. Mmoja aliandika jina lake kwa rupia 100. Kwa kutegemea orodha ile, wasimamizi waliingia mkataba na mkandarasi, na wakawa wanadaiwa na mkandarasi huyo. Mchangiaji alipokataa, mahakama ilimtaka alipe. Alijua fedha ni ya ujenzi, alijua kwamba kwa jina lake wenzake wataingia madeni, na kwa kutia sahihi ni kama aliwaambia: jengeni, nitalipa sehemu yangu. Miaka 28 baadaye, mwaka 1914, mahakama ya Allahabad ilipata shauri linalofanana nalo kwa sura. Mtu aliahidi rupia 500 za kukarabati msikiti, na hakutoa. Lakini hapa hakuna fundi aliyekuwa ameanza, na hakuna mtu aliyejifunga kwa lolote kwa kutegemea ahadi ile. Dai likaanguka.

Kwa hiyo, mjomba, jibu lako ni hili. Yule aliyeandika laki tano na kunyamaza, huku ukumbi ukiwa umeshalipiwa na baba mzazi tangu mwezi wa nne, humpati. Yule aliyesema mbele ya kikao, "Chukueni ule ukumbi mkubwa, tofauti ya bei ni yangu," na kamati ikaenda ikasaini kwa neno lake, huyo ana hoja ya kujibu. Hata hapo atakuwa na ngao moja, kwamba katika shughuli za kijamii na za kifamilia kwa kawaida haichukuliwi kuwa watu walikusudia kufungana kisheria. Ngao hiyo inajitegemea, na imewaokoa wengi tangu shauri la Balfour la mwaka 1919, ambapo mke alimdai mumewe posho aliyomwahidi na mahakama ikakataa kuingia kati.

Kipande cha pili cha fasili ni "au mtu mwingine yeyote". Uingereza badali lazima itoke kwa mwahidiwa mwenyewe. Mwaka 1861 wazee wawili huko waliahidiana kila mmoja kumpa fedha kijana aliyeoa: baba wa kijana na baba wa binti. Baba wa binti akafariki bila kutoa, kijana akadai kwenye mirathi, akaambiwa hukutoa badali yoyote, nenda zako. Linganisha na Madras mwaka 1882. Mama alimpa binti yake mali kwa hati, kwa sharti kwamba binti awe anamlipa ndugu wa mama yule rupia 653 kila mwaka. Binti akamwandikia ndugu huyo ahadi, kisha akaruka: huyu ndugu amenipa nini mimi? Mahakama ikajibu kwamba mama ametoa, na inatosha. Fasili iliyoruhusu jibu hilo ndiyo tuliyorithi Tanzania. Katika familia zetu, ambamo baba anampa mkubwa shamba ili amsomeshe mdogo, tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Je, badali iwe na ukubwa gani? Hapa Uingereza na sisi tunasema jambo moja: mahakama haipimi bei. Mwaka 1842 mjane mmoja aliruhusiwa kukaa kwenye nyumba ya marehemu mumewe kwa kodi ya pauni 1 kwa mwaka na sharti la kuitunza nyumba, na ikatosha. Mwaka 1960 majaji wa juu wa Uingereza waliamua kwamba makaratasi matatu ya chokoleti ya Nestlé, ambayo mteja aliyatuma pamoja na shilingi 1 na peni 6 za Kiingereza ili apewe sahani ya santuri, yalikuwa sehemu ya badali, ingawa kampuni iliyatupa ilipoyapokea. Sheria yetu inaongeza onyo ambalo ni la busara kabisa: udogo wa badali hauvunji mkataba, lakini mahakama inaweza kuutazama inapojiuliza kama ridhaa ilikuwa huru. Bibi wa miaka 80 akiuza ekari tano kwa bei ya mbuzi wawili, hakimu hatasema bei ni ndogo, basi mkataba umekufa. Atauliza nani alikuwa chumbani wakati dole gumba linawekwa kwenye karatasi.

Sasa nifike panaponigusa zaidi, yaani wema uliotangulia ahadi.

Nchini Uingereza alikuwako mtu aliyeitwa Eastwood, mlezi wa binti yatima. Ili amsomeshe na kumtunza, na kuitunza mali yake, alikopa pauni 140. Binti alipofikia utu uzima aliahidi kulirudisha deni lile. Akaolewa, na mumewe naye akaahidi. Halafu mume hakulipa. Mwaka 1840 mahakama ilisema Eastwood hana kesi. Malezi yalikwisha kabla ya ahadi kutolewa, kwa hiyo hayakutolewa kwa ajili ya ahadi, na wajibu wa kimaadili pekee haufungi mtu kisheria. Badali iliyopita, wanasema wao, si badali. Kulikuwa na mlango mdogo tangu mwaka 1615, shauri la mtu aliyekuwa ameua na akamwomba mwenziwe amtafutie msamaha wa mfalme. Mwenziwe alihangaika safari nyingi, na baadaye akaahidiwa pauni 100. Alizipata, kwa sababu kazi ilianza kwa ombi la mwahidi mwenyewe, na ahadi iliyofuata ilihesabiwa kama kutaja tu kiasi cha malipo yaliyokuwa yakitarajiwa tangu mwanzo. Eastwood hakuombwa na yule binti. Alimkuta mtoto akamlea.

Nani kati yetu hamjui Eastwood wake? Shangazi aliyemchukua mtoto wa kaka baada ya msiba, akauza vitenge barabarani amlipie ada, na mtoto yule leo ana gari. Siku ya sherehe kijana anasimama mbele ya watu: "Shangazi, zile gharama zako nitakurudishia, nitakujengea nyumba ya vyumba vitatu." Kwa kanuni ya Eastwood, maneno hayo ni zawadi ya sauti tu.

Waliotunga sheria ya India hawakutaka hilo. Kifungu cha 25 cha sheria yetu, kilichotoka kwao, kinaanza kwa kusema makubaliano bila badali ni batili, halafu kinafungua milango. Mmoja wa milango hiyo ni ahadi ya kumfidia, kwa ukamilifu au kwa sehemu, mtu ambaye tayari amemfanyia mwahidi jambo kwa hiari yake, au amefanya jambo ambalo mwahidi mwenyewe angeweza kulazimishwa kisheria kulifanya. Sheria ya 1872 iliambatanisha mifano yake, na miwili iko hapa hapa: mtu ameokota mkoba wako akakurudishia, nawe ukaahidi kumpa rupia 50, mtu amemtunza mwanao mchanga, nawe ukaahidi kurudisha gharama zake. Ahadi zote mbili ni mikataba.

Soma mfano wa pili tena. Anayebanwa pale ni baba wa mtoto, kwa sababu kumtunza mwanawe ulikuwa wajibu wake. Mtoto aliyelelewa anabanwa kwa njia nyingine ya kifungu hichohicho: mtu alimfanyia yeye jambo kwa hiari, naye akiwa mtu mzima anaahidi kumfidia. Neno ni "kumfidia". Ada, matibabu, sare na nauli vinaingia. Nyumba ya vyumba vitatu inayozidi gharama zote za malezi inaanza kunukia zawadi, na hapo wakili wa kijana atapata pa kushika. Kama shangazi angeniuliza, ningemwambia amwombe kijana aandike atarudisha nini, na kwa ajili ya nini. Kifungu hiki hakidai maandishi, lakini mbele ya hakimu sherehe ya miaka minne iliyopita huwa na mashahidi wasiokumbuka.

Mlango mwingine ni wa mapenzi. Ahadi isiyo na badali inafunga ikiwa imeandikwa, imesajiliwa chini ya sheria ya usajili wa nyaraka, na imetolewa kwa sababu ya mapenzi ya asili kati ya watu walio ndugu wa karibu. Masharti yote yatimie pamoja. Kwenye usajili ndipo watu wengi wanaporudi na machozi.

Nimeletewa karatasi za aina hii, na zinafanana kama mapacha. Ukurasa umechanwa kwenye daftari la shule, mistari ya bluu, kingo za waya bado zipo. "Mimi fulani bin fulani, nikiwa na akili timamu, nimeahidi kumpa mwanangu kiwanja changu kwa mapenzi yangu." Chini pana dole gumba la wino wa zambarau, majina ya mashahidi watatu, na mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa umegongwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulififia. Mwenye karatasi anaamini mhuri ule ndio usajili. Sivyo. Usajili unaotakiwa ni wa msajili wa nyaraka, chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Mhuri wa mtaa unaweza kusaidia kuthibitisha kwamba maneno yalisemwa na sahihi ni ya kweli. Ahadi yenyewe hauiponyi.

Na mapenzi yawepo kweli. Mwaka 1900, Calcutta, mume na mke waliokuwa wakigombana bila kukoma waliachana nyumba, na mume akaandika hati iliyosajiliwa kwamba atamlipa mke matunzo. Hati ilitaja ugomvi wao wazi. Mahakama ilikataa kuiita ahadi ya mapenzi. Ukaribu wa damu au wa ndoa peke yake hautoshi, na hati iliyojaa malalamiko inajihukumu.

Haya yote ni juu ya ahadi za kutoa. Zawadi iliyokwishatolewa ni jambo jingine, na sheria inasema hivyo waziwazi: kanuni ya badali haigusi zawadi ambayo tayari imemfikia aliyepewa. Watu wa pwani wanaielewa bila mwalimu, kwa sababu hiba inatimia kwa kukabidhi. Baba aliyekwishampa binti funguo za gari na kadi imeshabadilishwa jina, hawezi kurudi mwaka ujao kudai gari kwa hoja kwamba hakupewa chochote.

Mlango wa tatu wa kifungu cha 25 ni mfupi na wanaoujua zaidi ni wakopeshaji. Deni la mkataba Tanzania Bara linapaswa kudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Ikipita, mdai amechelewa. Lakini mdaiwa akiandika na kutia sahihi, yeye au wakala wake, kwamba atalilipa deni hilo lote au sehemu yake, ahadi hiyo inafunga ingawa hakupewa lolote jipya. Ujumbe wa "pole ndugu, najua nina deni lako la zamani" haufikii kipimo. Pana tofauti kati ya kukiri kwamba deni lilikuwapo na kuahidi kulilipa, na kifungu kinataka kuahidi.

Sasa swali la kila siku sokoni. Mtu anakudai milioni moja. Unamwambia una laki sita tu. Anafikiri, anasema, "Haya, leta laki sita tumalizane." Unalipa, mnapeana mikono. Baada ya miezi minne anadai laki nne. Anaweza?

Uingereza wamesema anaweza tangu mwaka 1602, katika shauri la Pinnel. Kulipa kidogo siku ya deni hakumalizi deni kubwa, kwa sababu mdaiwa hatoi kitu ambacho hakuwa tayari anawajibika kukitoa. Ila, wakasema majaji wale, ukiongeza kitu cha aina nyingine, farasi, mwewe au joho, basi deni linakwisha, maana huenda kitu hicho kina faida kwa mdai kuliko fedha. Ukilipa mapema kwa ombi lake, au mahali pengine kwa ombi lake, vilevile. Mwaka 1884 kanuni hiyo ilithibitishwa na majaji wa juu kabisa katika shauri la Daktari Foakes na Bi Beer. Daktari alidaiwa pauni 2,090 kwa hukumu ya mahakama. Bi Beer alikubali alipwe pauni 500 taslimu na zinazobaki kwa awamu, akaahidi kutochukua hatua zaidi. Daktari akalipa mpaka mwisho. Bi Beer akarudi kudai riba, akashinda. Jaji mmoja, Lord Blackburn, alikaribia kupinga. Aliandika kwamba wafanyabiashara kila siku wanajua kulipwa sehemu leo kunaweza kuwa na faida kuliko kushikilia haki yote, na hasa pale mdaiwa anapokuwa na hali mbaya. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa amekaa dukani siku moja maishani.

Waingereza wenyewe walitafuta njia ya kuzunguka. Mwaka 1937 kampuni moja ilikodisha jengo zima la fleti jijini London kwa pauni 2,500 kwa mwaka. Vita vikaja, watu wakahama jiji, fleti zikabaki tupu, na mwaka 1940 mwenye jengo akakubali kupokea nusu, pauni 1,250. Mwaka 1945 fleti zikajaa tena. Denning, wakati huo jaji wa mahakama kuu, alihukumu mwaka 1946 kwamba kodi kamili inarudi kuanzia fleti zilipojaa. Lakini akaongeza jambo lililobadili somo zima: kama mwenye jengo angedai ile nusu ya kodi aliyoisamehe miaka ya vita, asingepewa, kwa sababu aliahidi kutodai, na mwenzake akaendesha mambo yake kwa kulitegemea neno hilo. Huko ndiko kulikozaliwa upya zuio la kugeuka kauli. Mwaka 1951 ikawekwa mipaka: zuio hili ni la kujikingia, halimpi mtu dai jipya. Na mwaka 1965, mke wa mdaiwa alipowabana mafundi waliokuwa wakikaribia kufilisika wapokee pauni 300 badala ya 482, la sivyo wasipate kitu, Denning huyohuyo alikataa kumkinga. Anayetaka haki ya namna hii naye aje na mikono safi.

Zuio hilo lilifika huku. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililijadili mwaka 1963 katika shauri la Nurdin Bandali dhidi ya Lombank Tanganyika, na ikataka kauli iwe ya wazi isiyo na utata, iliyokusudiwa kutegemewa, na iwe imetegemewa kweli. Kenya, ambako kanuni ya Foakes inatawala, zuio hili ndilo kimbilio la mdaiwa wa laki sita.

Tanzania hatuhitaji kukimbilia mbali hivyo. Sheria mama ya India, kifungu cha 63, ilisema mwahidiwa anaweza kusamehe utekelezaji wa ahadi, wote au sehemu, kuongeza muda, au kupokea kitu kingine badala yake akiona kinamtosha, na sheria yetu ikairithi kanuni hiyo. Haidai badali. Aliyesema "leta laki sita tumalizane", akazipokea kwa kuridhika, amemaliza. Lord Blackburn angeipenda. Swali linalobaki ni kama aliridhika kweli au alibanwa kama mafundi wale wa 1965, na hilo ni suala la ridhaa huru, ambalo kila mkataba unaweza kuulizwa.

Nipite haraka kwenye jambo la fundi anayesimamisha kazi katikati ya paa na kusema "niongezee". Mwaka 1809 mabaharia walioahidiwa mishahara ya wenzao wawili waliotoroka kwenye safari ya Baltiki walinyimwa nyongeza, kwa sababu kuirudisha meli London ilikuwa kazi yao tangu mwanzo. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya Uingereza ililegeza. Seremala aliyeshindwa kumudu kazi ya fleti 27 kwa sababu bei ya awali ya pauni 20,000 ilikuwa ndogo mno, aliahidiwa pauni 10,300 zaidi na mkandarasi mkuu, bila yeye kutishia lolote. Mahakama ilisema mkandarasi alipata faida ya vitendo, kazi kukamilika kwa wakati na kuepuka faini ya kuchelewa, na faida hiyo ni badali tosha. Fundi wako akikutisha na mvua ikiwa njiani, yuko karibu zaidi na tuhuma ya kukubana kuliko na seremala yule.

Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu, nchini Kongo, huenda amekuwa akishangaa muda wote huu. Kwao dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyofuata njia ya Ubelgiji na Ufaransa, haiulizi badali hata kidogo. Inataka ridhaa, uwezo wa kujifunga, kitu mahsusi kinachoahidiwa, na sababu halali. Nia ya kutoa bure inaweza kuwa sababu halali. Kinachobana ahadi za zawadi huko ni taratibu za maandishi, ili mtu asijifilisi kwa maneno ya jioni moja.

Nimerudi mara nyingi kwenye tofauti ya Kenya na Tanzania kwa sababu ya mteja mmoja mwenye duka Namanga, anayepokea mzigo kutoka pande zote mbili za mpaka. Alikuwa na makubaliano mawili ya "tumalizane", moja na muuzaji wa Arusha na jingine na muuzaji wa Kajiado, yamefanyika wiki moja, kwa maneno yaleyale kwenye simu ileile. Wote wawili baadaye walidai salio. Aliponiwekea simu mezani anionyeshe ujumbe, nilimrudishia kwanza bila kusoma, nikamwomba aniletee ankara za mwanzo, tuone kila mkataba ulifanyika upande gani wa mpaka na unafuata sheria ya nani.